Kobe Chini ya Gunia Lililolowa

Binti yangu alipokwenda Bukavu kusoma sheria, aliniachia kobe wake. Ni kobe wa msituni, kutoka Walikale, mwenye gamba linalojikunja kwa nyuma kama mlango wenye bawaba. Alimnunua kwa mwanamke aliyekuwa akimpeleka sokoni kuliwa.

"Papa, umuchunge muzuri," aliniambia.

Nilimwambia aende kwa amani. Mimi ni mwalimu wa sayansi; kobe atanishinda nini?

Hapa kwetu Goma, mtoto akizaliwa jambo la kwanza ni kumkinga na baridi na unyevu. Anafungwa vitenge mpaka pua tu ndiyo inaonekana. Nami nilimlea kobe kwa desturi hiyo hiyo. Nilimpigilia kasha la mbao, nikamtandikia maranda makavu kutoka kwa fundi, na kila yalipolowa kidogo niliyatupa. Umeme ukiwapo nilimwashia balbu. Ukikatika, nilimsogeza karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Nilijisifu sana kwa jinsi kasha lilivyokuwa kavu na safi.

Kiangazi kilipofika, kobe aliacha kula. Macho yalivimba yakafumba, na ngozi ya shingo ikakunjamana kama kiatu cha zamani. Mimi na kichwa changu kigumu, nikaongeza makaa.

Kila Jumapili binti alipiga simu. "Papa, anakula?"

"Anakula sana," nilimjibu.

Mungu anisamehe. Sikuwa nimezoea kumdanganya yule mtoto. Niliogopa kobe atakufa, na zaidi niliogopa siku ya kumwambia.

Aliyeniokoa ni mama anayeuza lengalenga, mchicha wa kwetu, mbele ya mlango wetu, pale mtaani Mabanga. Siku moja aliingia kuomba maji ya kunyunyizia mboga zake, akachungulia kashani.

"Profesere, uyu nyama unamukausha kama samaki," alisema. "Hana baridi. Ana kiu ya mwili muzima."

Nilikasirika. "Mama, haya mambo mimi nayafundisha tangu wewe uko mutoto."

"Basi kuya uangalie lengalenga yangu."

Nikamfuata, nimenuna. Jua la saa nane lilikuwa kali, na vumbi jeusi la barabarani lilikuwa limetanda juu ya kila kitu. Alifunua gunia lililolowa. Chini yake majani yalikuwa yamesimama kana kwamba yamechumwa sasa hivi. Niliingiza mkono, nikakuta ubaridi mtamu, hewa nzito iliyojaa maji. Tangu asubuhi alikuwa amelilowesha gunia lile mara mbili tu. Mwaka baada ya mwaka nimeandika neno "mvuke" ubaoni, na mwenye kuujua mvuke alikuwa amekaa mlangoni kwangu akiuza mboga. Niliona aibu, lakini mshangao uliizidi aibu.

Siku hiyo hiyo nilitupa maranda yote. Niliokota mawe ya volkano, yale mepesi yenye matundu, nikayaloweka ndooni mpaka yakaacha kutoa mapovu. Nikayapanga chini ya kasha, juu yake udongo na majani ya migomba. Nusu ya kasha niliifunika kwa kioo cha dirisha kuukuu, nusu nyingine kwa gunia lililolowa. Kobe mwenyewe nilimwogesha kwanza katika beseni la maji ya vuguvugu.

"Maji ya kunywa tunayapangia mustari, yeye anaogesha kobe!" alisema mke wangu. Lakini bidoni ya pili ya maji aliileta yeye mwenyewe.

Asubuhi ya nne niliinua gunia. Nje haikuwa imeanguka mvua kwa wiki nyingi, lakini ndani ya lile kasha nilikutana na harufu ya msitu uliotoka kunyeshewa. Kioo kilijaa matone upande wa chini. Nikiwa natazama, tone moja lilinenepa, likaangukia gamba, likafuata mfereji wa gamba hadi puani kwa kobe. Jicho likafunguka, jeusi, linang'aa. Akanyoosha shingo, akanywa.

Nilipiga magoti. Sikuamua, magoti yalikwenda yenyewe, kama kanisani kengele inapolia. Kiumbe nilichokwisha kukata tamaa nacho kilikuwa kimerudishwa na hewa, hewa tu, kwa kuwa ilibeba maji. Nililia, mzee mzima, wala sikujificha.

Jumapili nilimpigia binti mimi, kabla hajapiga yeye. Nilimweleza yote: maranda, makaa, macho yaliyofumba, na uongo wangu wa wiki nne.

"Papa, nilijua," alisema. "Ile foto ulinitumia mwezi ulipita, iko na mguu yangu ndani."

Ni kweli, nilikuwa nimemtumia picha ya zamani ya kobe, ya kabla hajasafiri. Wala huo mguu sikuuona.

"Nilishamulilia, nikamaliza," aliendelea. "Niliogopa tu kukuuliza ulimuzika wapi."

Wiki zote zile aliniuliza kama kobe anakula, huku akiamini amekufa, ili mimi baba yake nisione aibu.