Mipira ine ya trakteri ya bamama

Wewe mwenye kusoma, niko nakuambia kama ndugu yangu, usinicheke haraka.

Sisi bamama ba kanisa hapa Butembo tuko na trakteri kidogo ya zamani, ya kulima shamba yetu ya viazi kule Masereka. Ilianza kutetemeka sana. Fundi Kambale akaiangalia, akaniambia: "Mama Kavira, mipira yote ine imekwisha. Mubadilishe mbele ya kulima."

Mimi nikaangalia maguru ya trakteri, ile magurudumu: kweli, pneu, mipira yake ya inje, zilikuwa laini kama kichwa ya mupara. Sikuuliza tena. Tuliuza maharagi yetu yote, nikaenda mpaka Beni kununua pneu ine za mupya, tukazifunga bila kumuita fundi.

Siku ya kulima na kupanda viazi tukaomba, tukaimba, nikawasha. Trakteri ikatetemeka kuliko zamani, moteur, ile injini yake, ikaruka pale inakalia, ikaanguka pembeni, ikapasuka. Fundi akakuja mbio, akaingiza mukono chini, akatosha kipande ya kauchu, mpira muzito yenye kuoza.

"Mama, mipira ni hii! Njo moteur inakalia juu yake. Nani alikuambia maguru?"

Mama Masika, mwenzetu wa kanisa, akashika kichwa: "Eeh Nyamuhanga, Mungu wetu! Mutu anagonjwa tumbo, Kavira anamuuzia viatu!"

Batu bakacheka, lakini mimi nilikuwa naangalia mvua inaanza kunyesha, na mbegu yetu yote ingali mu mifuko.

Tafazali, ambia na bengine: fundi akisema "mipira", akuonyeshe na kidole.