Tone Moja la Veronika

Watu walimwogopa Scholastica, na wala hawakuficha. Mwanamke mzima, msali rozari, kutwa yuko kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa huko upande wa Milola, kazi yake kuchoma watu vidole na kuichungulia damu yao kwenye hadubini. Akipita na koti lake jeupe, akina mama walivuta watoto ndani huku wakinong'ona habari za mumiani, wanyonya damu. Kwa hiyo ikawepo sheria ambayo hakuna aliyeitunga: tone moja, basi. Ukimchoma mtu mara ya pili, ataondoka, na ukoo mzima utamfuata.

Tone moja si haba kwa mwenye macho. Masista waliomfundisha kazi walimwonyesha kwamba damu ile ile ya kidole kimoja inaweza kubeba wageni wengi kwa pamoja: vijidudu vya malaria vilivyojificha ndani ya chembe, vya malale vyenye mkia, na vya homa ya papasi, vyembamba kama uzi uliosokotwa. Sista mmoja mkali alizoea kumwambia kwamba akishampata mmoja asisimame, amtafute na mwenzake.

Maneno mazuri, lakini sista yule hakuwahi kukaa mbele ya foleni ile. Taa ya Scholastica ilikuwa jua la dirishani. Wingu likipita, kazi imelala. Na malaria nani hakuwa nayo pwani hii? Akiiona tu, alitoa vidonge vya klorokwini na kumwita anayefuata. Kidogo kidogo akazoea kuridhika na mgeni wa kwanza. Mimi simlaumu, ila yeye hakujisamehe mpaka anaingia kaburini.

Mwaka ule watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mikorosho yao na kupangwa kando ya barabara, nyumba zimenyooka kama zinasubiri kukaguliwa. Walibeba vitanda na mikeka ya zamani, na kwenye nyufa za vitanda papasi, wale kupe wanaouma watu usiku, walikuwa wametulia. Watu walihama kwa kulazimishwa. Papasi walihama kwa hiari yao.

Veronika, mdogo wake Scholastica, alikuwa na mimba kubwa wakati homa ilipomshika. Mama mkwe wake, Cecilia, alimpenda kama binti wa kumzaa, na alimuuguza kama alivyouguzwa yeye na kila mtu pale kijijini: mgonjwa anayewaka hatolewi nje juani. Unamfunika, unamwogesha maji ya majani, unangoja. Homa ikishuka unamvika nguo safi, ndipo unampeleka mbele za watu. Kwa hiyo Veronika alifika zahanati akiwa amepakwa mafuta, amechoka, na paji lake la uso baridi.

"Jana alikuwa anawaka, mwanangu," Cecilia alisema. "Ningemleta vile angenifia njiani. Nimesubiri apoe."

Scholastica alimchoma mdogo wake kidole, akaipaka damu kwenye kioo, akaitia rangi. Malaria ilikuwepo. Ilikuwa kidogo, lakini ilikuwepo, na moyo wake ukatulia kwa sababu aliona alichokuwa anakitafuta. Wazo la papasi lilimpitia. Alijua pia kwamba homa ile ikishuka vijidudu vyake huadimika kwenye damu, na kukipata kimoja kunataka kukaa na kioo kwa muda mrefu. Foleni ilikuwa inakohoa nje. Akampa Veronika vidonge, akamshika tumbo kwa utani, akamwambia huyo wa ndani asije na pua ya baba yake. Veronika alicheka.

Homa iliondoka, kijiji kizima kikasifu vidonge. Kisha ikarudi, kali kuliko ile ya kwanza, na Cecilia akafunga mlango, akachemsha majani, akangoja ipoe.

Safari hii haikungoja mtu. Scholastica aliitwa wakati mimba imeshatoka na damu haikatiki. Alimkuta mdogo wake anawaka, akamchoma kidole bila kuuliza mtu, akakimbia na kioo. Chini ya hadubini nyuzi zilikuwa zimejaa, zinapindana kila mahali, hata mtoto wa shule angeziona. Penisilini, dawa ya homa ya papasi, ilikuwa kabatini. Ilikuwa kabatini tangu siku ile ya kwanza. Alimchoma sindano, akamshika mkono, na Veronika akafa kabla jua halijazama.

Cecilia hakumlaumu mtu. Alisema kwa upole kwamba labda aliwahi mno kumleta, angengoja apoe vizuri zaidi. Scholastica alitaka kumweleza kwamba kupoa ndiko kunakoificha homa ile, lakini alipouona uso wa yule mama akaacha.

Baada ya maziko alirudi zahanati na swali moja: je, uzi ule ulikuwepo kwenye tone la kwanza? Hata mmoja tu, pembeni? Alivuta karai la chini ya meza. Vioo vilikuwa adimu. Walivitumia, wakaviosha kwa sabuni, wakavitumia tena, na cha Veronika alikiosha yeye mwenyewe jioni ile ile. Aliinua kimoja dirishani, akainua kingine. Vyote vilikuwa safi. Kupitia vioo vile aliona benchi la nje, na wagonjwa wamekaa kimya, wameogeshwa, wamepoa.