Brashi ya Kinyozi kwenye Boneti

Mume wangu alikuwa kinyozi karibu maisha yake yote, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wembe tu. Wembe yuko? Wembe kafungua? Mimi mwenyewe nikikasirika namwita hivyo hivyo, naye husema siku hiyo ndiyo hujua kwamba ameharibu.

Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Daktari alimpima akasema ni mishipa tu, si ugonjwa wa kumlaza kitandani, na kazi yoyote ya kushika kitu kwa nguvu angeiweza. Lakini kinyozi hashiki kwa nguvu. Hushika kama anambembeleza mtoto, na nywele za pembeni ya sikio hazitaki mzaha. Wateja hawakusema neno, walianza tu kupita upande wa pili wa barabara. Alifunga duka, akaleta vifaa vyake nyumbani, akatuambia amechoka kusimama kutwa nzima. Nilimwachia uongo wake kwa sababu nampenda, ingawa ulinikera.

Kilichomfufua ni gari. Kaka yake, aliyekuwa akisambaza mikate, alimwachia gari dogo lenye mlango wa kusukuma. Injini nzima, bodi kichekesho: mlango wa kijani, ubavu mweupe, boneti ya kutu tupu. Shule ya jirani ikawa inatafuta dereva wa watoto mwenye gari lake. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alisema gari lazima liwe la njano lote, na kwamba angekuja kulikagua Jumamosi, kabla shule haijafunguliwa. Fundi rangi wa gereji akasema foleni ni ndefu, aje mwezi ujao.

"Nitapaka mwenyewe," Wembe akasema.

"Umewahi kupaka nini wewe? Hata geti ulimwachia shemeji yako."

"Ni kama kunyoa, mama watoto. Ukijua kuandaa kichwa, umemaliza."

Na kuandaa aliandaa, simnyimi haki yake. Alipiga msasa mpaka vumbi likamwongezea mvi. Mabonde aliyaziba kwa puti. Vioo alivifunika kwa magazeti na kuyabandika kingo kwa unadhifu ule ule wa kumfunga mteja kitambaa shingoni. Matairi aliyavisha mashuka yangu ya zamani. Moja halikuwa la zamani, lakini ugomvi huo tulishaumaliza. Jirani yetu, fundi wa matairi ambaye wote tunamwita Pancha, akamletea kompresa yake na bunduki ya kupulizia rangi, akamwelekeza: usisogee karibu mno, usisimame mahali pamoja, mkono uende sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Kisha Pancha akaenda zake kazini, na nikamwona mume wangu anautazama mkono wake.

Alianzia nyuma ya gari, kwa sababu kinyozi huanzia kisogoni. Alipokuja ubavuni mambo yakaharibika. Mahali pengine rangi ilirundikana ikachuruzika hadi chini, pengine ilipita juu juu hata weupe wa zamani ukabaki unachungulia.

"Upepo huu," akasema ndani ya barakoa.

Hakukuwa na upepo. Nguo zangu kwenye kamba zilikuwa zimening'inia tuli.

Boneti ndiyo ilimtoa kimasomaso. Aliegemeza kiwiko kwenye ngazi, akapuliza, na njano ikatandazika laini, inang'aa, hata mimi niliyetoka nje nimejiandaa kucheka nikajikuta nimesimama namsifia. Ndipo nzi akatua katikati yake.

Sasa, kinyozi hawezi kuona takataka juu ya kitu alichokwisha kukimaliza. Unywele mmoja ukibaki shingoni mwa mteja, mkono wake huwa umeshaifuata brashi kabla hajafikiri. Mume wangu aliingia ndani, akatoka na ile brashi yake laini ya shingo, na kabla sijapiga kelele akawa ameipitisha kwenye rangi mbichi. Nzi aliondoka, kweli. Ikabaki michirizi toka taa hadi taa. Na brashi bado ilikuwa imejaa poda, kwa hiyo boneti yote ikawa keki.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani naye atacheka, maana ni mtu wa kujicheka. Lakini alikuwa amesimama anaitazama brashi, na poda ilikuwa inaendelea kudondoka kidogo kidogo, ingawa hakuna aliyeikung'uta. Nikainuka, nikajipangusa vumbi.

"Si upepo," akasema.

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Kabla yako."

Akageuza ndoo, akaikalia. "Mkono huu ndio uliowalisha. Na huyo mwalimu mkuu akikataa gari, basi, mimi ni wa kukaa na kungoja chakula." Aliyasema bila kunitazama, na roho iliniuma kuliko nilivyotarajia.

"Inuka, Wembe," nikamwambia. "Gari lina mba, na Jumamosi hiyo inakuja."

Tulilisubiri likauke, tukalipiga msasa upya ubavuni na kwenye boneti. Safari hii nilisimama nyuma yake, nimejifunga mtandio puani, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, tukaenda pamoja, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kisha tunarudi. Miaka yote nimelala kitanda kimoja na mkono ule, lakini ilikuwa mara ya kwanza aniachie niushike ukiwa unatetemeka. Pancha alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Shemeji, hiyo ni rangi au fungate?" Nikamwambia akazibe matairi yake.

Jumamosi mwalimu mkuu alikuja. Akalizunguka gari, akainama, akasimamisha kidole kwenye boneti, pale ambapo wimbi dogo lilikuwa limetushinda.

"Nani amepaka?"

Nilifungua mdomo nimtaje Pancha. Mume wangu akaniwahi.

"Mimi na mke wangu. Mkono wangu unatetemeka, mwalimu. Daktari amesema kuendesha naweza, lakini ni bora ulijue hilo kutoka kwangu."

Nilitamani kumkanyaga mguu. Kazi ndiyo hiyo inakwenda, nikajisemea, na yeye ndiye anayeifungulia mlango.

"Hata ukiwa unaendesha unatetemeka?" mwalimu akauliza.

"Panda uone."

Tulikaa nyuma, mimi na mwalimu. Hakuitazama barabara hata kidogo. Aliutazama mkono, nami nikautazama. Ulishika usukani, ukatulia. Kwenye mashimo ulitulia. Kona ya sokoni, penye mikokoteni na watu wasiotazama wanakokwenda, ulizunguka na usukani polepole, ukarudi, umetulia. Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti mpaka vidole vimekufa ganzi.

Tuliporudi nyumbani mwalimu alishuka, akajipangusa sketi.

"Jumatatu lete cheti cha daktari," akasema. "Kikisema ulivyosema, utaanza na wa chekechea. Wale hutapika, uwe na ndoo."

Akaenda. Nilishuka nikamwambia mume wangu ashuke, chai inapoa. Hakushuka. Alikuwa amezima injini, lakini mikono ilikuwa bado juu ya usukani, naye ameukazia macho ule wa kulia, hathubutu kuuondoa.

"Ngoja kidogo," akasema.

Nikazunguka upande wa pili, nikapanda kiti cha mbele, nikakaa naye.