Bujiku na Pipa Lililolazwa

Siku ya kwanza kumwona Bujiku, mwaka 1982, alikuwa amelala kifudifudi kando ya jenereta ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba, karibu na Tinde, sikio lake kwenye mpira wa dizeli. "Ikinywa vizuri haikohoi," aliniambia bila kugeuka. Alitoka Samuye na mkewe Nyamizi na watoto wawili. Yeye aliendesha jenereta, mimi nilikuwa mfagiaji.

Jenereta iliwashwa umeme ulipokatika. Miaka ile dizeli ilitafutwa kama dawa. Pipa letu lilikuwa limelazwa juu ya magogo, na Akida, bwana stoo, alikata kijiti akakichonga alama kumi zilizoachana sawasawa. Sheria yake ilikuwa hivi: jenereta ikiwaka kwa muda wa saa nne, dizeli ishuke alama moja. Bujiku akishazima alichovya kijiti, Akida akasoma.

Pipa likiwa limejaa, alama zilishuka mbio. Likifika katikati zilishuka polepole, na Akida akasema, "Leo umemwogopa Mungu." Likikaribia kuisha zilikimbia tena.

"Bujiku, kwenu mnaungia mboga dizeli?" alimuuliza mbele ya wapakiaji, akawaita wamnuse mikono. Wakanusa, wakacheka. Mtu wa jenereta anukie nini?

"Bwana stoo, sijachukua hata ya kujaza kibatari."

"Kijiti hakina mke wala watoto. Kidanganye kwa nini?"

Pipa lile nililijaza mimi, kwa debe. Debe la kwanza lilipandisha dizeli alama moja na nusu kwenye kijiti. Madebe ya katikati hayakufikisha hata alama moja. Nikaelewa: pipa lililolala ni jembamba chini na juu, tumbo lake ni pana. Kosa lilikuwa la kijiti. Mara tatu nilifika mlango wa stoo kulisema hilo. Mara tatu nikauliza kama kuna ufagio mpya.

Mwaka uliofuata, wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa kila mahali, Akida alipeleka jina la Bujiku kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Kikao kikaitwa. Mkubwa wao, mzee Ngassa, aliuliza kama yupo mwenye neno la kumtetea. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Bujiku akatengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake, na akifiwa asizikiwe. Kiwandani alifukuzwa siku hiyohiyo.

Mwezi wa pili wa kutengwa, mtoto wake mdogo aliharisha siku tatu akafa. Nilipita pale nikitoka shamba, jembe begani. Bujiku alikuwa ndani ya shimo, linamfika magotini, anachimba peke yake. Nyamizi ameketi pembeni, amempakata mtoto ndani ya kanga. Ardhi ilikuwa ngumu, na jembe lake lilikuwa limevunjika mpini.

Nilisimama. Nilifungua mdomo.

Aliinua uso. "Usiseme kitu, Januari," aliniambia. "Wewe pita tu, wasije wakakutenga na wewe."