Pipa la Bluu Uani kwa Mama Mkwe

Darasa la saba sikulimaliza, na sioni haya kulisema. Nilianza na mkokoteni pale Chikongola, hapa Mtwara. Leo nina nyumba Shangani, na malori yanayobeba taka za kampuni kubwa ya gesi ni yangu. Wenye digrii wananipigia simu wao.

Kampuni ile ilikuwa na sheria moja kali: pipa lililotiwa dawa za mitambo halitoki getini likiwa zima. Linatobolewa kitako kwanza, ndipo linapakiwa kwenye lori langu likasagwe. Walijua maji yetu ya bomba yana siku zake, na pipa la bluu lenye mfuniko huku kwetu ni mali. Likitoka zima, jioni lina maji ya kunywa.

Jumamosi moja asubuhi dada wa mazingira wa kampuni akanipigia.

"Bosi, kuna pipa limetoka bila kutobolewa. Lilikuwa na dawa ya kuzuia kutu. Liko wapi?"

Nikamgeukia dereva wangu. Akatabasamu kama mtu anayengoja asante.

"Nilimpelekea mama mkwe wako jana. Si ana shughuli leo? Nimemwambia umetoa wewe."

"Uliliosha?"

"Kwa sabuni ya unga, bosi. Linanukia."

Siku hiyo mjukuu wa mama mkwe alikuwa anatolewa unyagoni, na wageni walikuja hata kutoka vijiji vya Ruvuma. Nikamwambia dada wa mazingira anifuate kule, nikawasha gari.

Kwetu mwanamume haingii uani kwa mama mkwe wake. Unakaa barazani, unakohoa, unangoja kiti. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa mlangoni.

"Shemeji, umekuja kumenya vitunguu? Vua viatu tukupe kisu."

"Lile pipa la bluu mmelitia maji?"

"Tumelijaza tangu alfajiri. Maji ya wageni hayo. Au unataka kutudai? Zawadi ni zawadi, shemeji."

"Kuna aliyekunywa?"

"Mama ndiyo anaanza kuwatekea wageni sasa."

Nikampita. Wanawake walivuta kanga vichwani, kelele zikakatika. Mama mkwe alikuwa ameshateka. Bibi mmoja alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Nikamnyang'anya. Kisha nikalisukuma pipa. Pipa lililojaa si mchezo, lakini mabega haya yalibeba magunia ya korosho bandarini. Likaanguka, maji yakaenda hadi mafigani, moto ukazimika.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, taratibu kabisa, "nimekukosea nini hata unimwagie maji mbele ya watu?"

Nikatazama chini. "Mama, lile pipa lilikuwa na dawa ya mitambo. Hainyweki."

"Si umenipa wewe?"

Ningeweza kumtaja dereva. Lakini gari ni langu na dereva ni wangu.

Dada wa mazingira akafika, akamuuliza kila mtu: umekunywa? umeonja? Kila jibu nililingoja kama hukumu. Hakuna aliyekunywa. Lakini mchele ulikuwa umeoshwa kwa maji yale, na sufuria ilikuwa jikoni. Akasema umwagwe wote. Kisha akatoa msumari na nyundo, akalitoboa pipa pale pale.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeleta tangi la maji safi, mchele na mbuzi. Nani mwingine Mtwara angeweza, kwa muda ule? Nikateka kikombe mwenyewe, nikamnyooshea mama mkwe kwa mikono miwili.

Akakipokea, akampa dada wa mazingira.

"Anza wewe, binti."

Yule dada akaenda kwanza kwenye tangi, akalikagua, akanusa. Ndipo akanywa. Mama mkwe akamtazama kooni hadi akameza, kisha akawaambia wageni wateke. Mimi nilirudi barazani. Kiti sikuletewa.