Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini

Mwaka 1981 Kasiani Nambunga alikuwa na miaka hamsini na saba, na barua yake ya kuomba kustaafu ilikuwa imelala ofisini mwaka mzima. Kila akiuliza aliambiwa, "Vumilia kidogo, ndugu. Ukiondoka wewe, karakana ataishika nani?" Basi akaendelea kutoka Likombe kila asubuhi kwa miguu, mgongo ukimuuma, kwenda kwenye karakana ya serikali mjini Mtwara kufungua mashine zilezile.

Jumatatu moja Iddi, mtunza bustani wa kituo kimoja cha afya, alifika akisukuma mashine ya kukatia majani. Alikuwa ameisukuma tangu Shangani.

"Imegoma, Mzee Kasiani. Hata kamba haivutiki. Na majani yamefika kwenye madirisha ya wodi ya wazazi. Juzi nyoka ameingia ndani."

Kasiani aliipandisha mezani, akalegeza nati ya chini ili amwage oili. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito kama lami. Akakinusa. Akanusa tena.

"Iddi, hii ni oili gani?"

Iddi akatazama mlangoni. "Ya nazi. Mafuta ya mke wangu ya kupaka. Stoo nimeomba oili mara tatu, wananiambia subiri meli."

Kasiani alitaka kufoka, lakini nguvu za kufoka hakuwa nazo. Akavuta ndoo, akaikalia, akaanza kazi. Alitoa plagi, kisha kabureta, kisha hedi, kile kifuniko cha silinda. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Akamimina mafuta ya taa juu yake, akaiacha hadi kesho yake, ndipo akaigonga kwa kipande cha mti, taratibu, mpaka ikatoka. Ringi za pistoni zilikuwa zimenata kwenye mifereji yake. Ya kwanza ilibanduka nzima. Ya pili ikakatika mkononi mwake kama biskuti.

Ringi mpya hazikuwapo Mtwara nzima. Alichukua moja kwenye injini ya pampu mbovu ya maji, kubwa kidogo, akaipiga tupa ncha zake siku nzima. Anapima, haiingii. Anapiga tupa, anapima tena. Gasketi akaikata kwenye boksi la dawa.

Alhamisi, Iddi alipokuja kuangalia, Kasiani akatia oili, akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikawaka na moshi wa buluu. Iddi akapiga makofi. Kasiani akaizima.

Ikabaki fomu ya matengenezo. Palikuwa na mstari wa kujaza sababu ya kuharibika. Iddi alisimama akiitazama kalamu.

"Mzee, nina watoto wanne."

"Najua."

Kasiani akaandika: uchakavu. Akatia saini, kisha akampa Iddi chupa ya oili iliyomwagwa kutoka kwenye lori.

"Na hii ikiisha?"

"Ikiisha, usiiwashe. Shika fyekeo."

Mashine ilikata majani kwa wiki saba, ikafa kabisa. Iddi hakuirudisha karakana. Alimtuma mtu aseme tu kwamba sasa anafyeka kwa mkono, nusu ya uwanja kila siku, na kwamba anamsalimu mzee. Salamu zilimkuta Kasiani chini ya trekta, amelala chali, anafungua nati zake. Akaitikia kutoka hukohuko.