Zamu ya Kidonge

Nimeolewa kijijini Bujonde zaidi ya miaka ishirini, na uso wa baba mkwe wangu siujui vizuri. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Nikisikia kikohozi chake njiani, hujibanza nyuma ya migomba hadi apite. Neno langu humfikia kupitia kwa mama mkwe. Kwa hiyo ilipogundulika kwamba ini lake lilikuwa likiliwa kimyakimya na homa ya ini aina ya C, mimi, mfamasia pekee wa ukoo, nilimweleza dawa nikiwa jikoni, yeye akiwa barazani, ukuta kati yetu.

Nilipokuwa chuoni, ugonjwa huo ulitibiwa kwa sindano za miezi mingi, zilizowalaza watu kwa homa na huzuni, na wengi hazikuwaponya. Sasa nilishika kopo la vidonge, kimoja kwa siku kwa miezi mitatu. Nilitafuta namna ya kuieleza kazi ya watafiti waliovitengeneza.

"Mama, mwambie kirusi ni kama mkulima anayepanda mpunga ndani ya ini. Dawa humchanganyia mapepe kwenye mbegu. Akiyapanda hayo maganda matupu, hakioti kitu."

Kabla mama hajafungua kinywa, kicheko kilitoka barazani. "Mwambie mkamwana, huyo mvamizi wa shamba kapatikana!"

Wiki ya pili nilimuuliza mama kama baba amekwisha kumeza.

"Leo si zamu yake," alijibu, akimenya ndizi.

"Zamu ya nini?"

"Ya kidonge. Jana kameza yeye, leo anameza mwenzake. Wamekula pamoja tangu ujana, leo amfiche dawa?"

Huyo mwenzake ni rika lake, jirani aliyekuwa akilalamikia uchovu kama wa baba. Nilisahau desturi.

"Baba! Mkiruka siku, kirusi kinapata mbegu nzima. Hatapona hata mmoja wenu!"

Kisu kilimponyoka mama. "We mwanamke! Unamwita baba mkwe wako?"

Sauti ya baba ikaja kutoka barazani moja kwa moja kwangu, kwa mara ya kwanza. "Nami nile uzima peke yangu, mwenzangu akinitazama?"

"Apimwe, baba. Apate kopo lake."

Jirani alipimwa, akakutwa na ugonjwa uleule. Daktari alimwanzishia dawa yake, na baba akaanza upya hesabu ya vidonge vyake.

Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, damu ya baba ilipimwa tena. Nilisimama jikoni nikayasoma majibu kwa sauti: kirusi hakionekani.

"Ndaga fijo, mkamwana," alisema taratibu. Asante hiyo haikupitia kwa mtu.

Mama alikwisha kuanza kumkimbiza jogoo.

"Mwache kwanza. Majibu ya mwenzangu?"

"Wiki ijayo, baba."

"Basi jogoo naye aishi wiki moja zaidi."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu kwetu sote. Jirani alirudi kutoka hospitalini akiimba wimbo wa kanisani, tukamsikia kabla hajatokeza kwenye mikakao. Nilimpika jogoo kwa ndizi, nikapakua katika sinia moja, mama akawapelekea. Nikiwa jikoni niliwasikia wakisukumiana firigisi, kila mmoja akidai kwamba ni zamu ya mwenzake.